Namba Imepanda, Nguvu Imebaki Pale Pale: Utatuzi wa Matatizo ya Sifa Zilizozidi Kikomo

Mchezaji hutafuta pete moja kwa wiki nzima, akaivaa, akaiona namba kwenye ukurasa wa mhusika wake ikipanda, kisha akaingia vitani na kukuta mambo ni yale yale, au pengine yameharibika zaidi. Vijana wengi wa Unguja na Pemba wanaocheza gemu za mtandaoni baada ya Isha, wakati bando la usiku linapoanza kufanya kazi, wamefika hapo. Wengi wao, badala ya kutafuta chanzo, huanza kubadilisha zana ovyo: huuza kilichokuwa kikiwalinda na kununua kisichowafaa, kwa sababu wamesikia barazani kwamba ziada yote ni hasara. Kauli hiyo ni kweli kwa baadhi ya sifa na ni uongo kwa nyingine, na anayeifuata bila kuchunguza hujikuta amedhoofika huku akiamini kuwa ametengeneza.

Kila sifa ya mhusika, iwe ni ukinzani wa moto, nafasi ya kutoa pigo kali, kasi au upenyaji wa deraya, hupita katika mlolongo wa hesabu kabla ya kugeuka kuwa madhara unayoyatoa au unayoyapokea. Zana hujumlishwa, viongezi vya chakula na vya wenzako vikaingizwa, vipunguzi vya adui vikatolewa, na mahali fulani katika mlolongo huo kikawekwa kikomo. Swali la kujiuliza kila mara ni moja tu: je, kikomo kinawekwa kabla ya kupunguziwa au baada yake? Muuzaji wa mchele akijaza pishi mpaka ikafanya kilele, halafu mtu akachota konzi moja kabla haijasawazishwa, pishi itabaki imejaa. Akichota baada ya kusawazishwa, pishi imepungua, na kile kilele cha mwanzo hakisaidii kitu. Dalili zinazofuata nimezipanga kwa namna wachezaji wenyewe wanavyozieleza, na mifano nimeitoa katika gemu ambazo hesabu zake zinafahamika vizuri.

Dalili: ukinzani umejaa, lakini bado unakufa kwa pigo moja

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huja hivi: "Yakhe, mie moto nishaujaza mpaka sabini na tano, mbona nikiingia ramani kubwa naungua kama sikuvaa kitu?" Muulizaji huwa anacheza Path of Exile, ambamo ramani ni kifaa kinachofunguliwa ili kuingia eneo la vita, na ukinzani wa moto, baridi na radi una kikomo cha kawaida cha asilimia 75. Kikomo chenyewe kinaweza kuinuliwa kwa zana na ujuzi maalumu, lakini hakivuki 90.

Anza kwa kufungua ukurasa wa mhusika na kuutazama mstari wa ukinzani kwa makini. Utaona namba mbili: ya kwanza ni ile inayotumika, na ya pili, iliyo ndani ya mabano, ni jumla halisi kabla ya kikomo. Mchezaji mwenye 75 na 76 ndani ya mabano, na mwingine mwenye 75 na 112, wanaonekana sawa wakiwa mjini. Hawako sawa hata kidogo wanapofika kwa adui mwenye laana.

Chukua laana inayopunguza ukinzani kwa pointi 30. Laana hukatwa kwenye jumla halisi, kabla ya kikomo. Yule mwenye 76 atabaki na 46, na pigo la moto la 1,000 ambalo lingemwondolea uhai 250 sasa litamwondolea 540, yaani zaidi ya mara mbili. Yule mwenye 112 atashuka hadi 82, na kwa kuwa 82 bado iko juu ya kikomo, ataendelea kuwa na 75 na kupoteza 250 zile zile. Hapa ziada ni akiba ya kweli, na kuiuza kwa hoja kwamba namba ya nje haibadiliki ni kosa kubwa. Kiasi cha akiba kinachotakiwa kinajulikana: ni ukubwa wa kipunguzi unachotarajia kukutana nacho. Kama laana ni ya 30, basi 105 inatosha, na pointi zinazovuka hapo ndizo zinazoweza kutolewa zikapelekwa kwenye uhai au kwingine bila majuto.

Kabla hujanunua ziada, hata hivyo, hakikisha kwamba kinachokuua ni laana kweli. Zipo sababu nyingine mbili zenye dalili hiyo hiyo, na ziada haizitibu. Ya kwanza ni upenyaji: adui anayepenya ukinzani kwa pointi 10 hukata kwenye namba ambayo tayari imeshawekewa kikomo, kwa hiyo 75 huwa 65 kwa pigo lake, hata kama jumla yako halisi ni 76, 112 au 200. Ya pili ni sharti la ramani linaloshusha kikomo chenyewe. Ramani ikisema kwamba wachezaji wamepunguziwa ukinzani wa juu kabisa, basi ukingo ndio ulioshushwa, na kilichokuwa juu yake kimekatwa pamoja nao.

Namna ya kuzitofautisha ni kusoma, na kusoma hakugharimu kitu. Alama ya laana huonekana juu ya skrini pamoja na athari nyingine zilizokushika. Ukiisogezea kipanya itajieleza. Sharti la ramani limeandikwa kwenye ramani yenyewe kabla hujaifungua. Upenyaji hauonekani kwenye alama za juu, kwa hiyo ukiona unaumia sana, huna laana, na ramani haina sharti la kushusha kikomo, shuku upenyaji, na tafuta dawa kwenye kuinua kikomo, kuongeza uhai au kulikwepa pigo hilo. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu dawa ya sababu moja ni hasara tupu kwa sababu nyingine, na mchezaji aliyekusanya ukinzani wa 150 kwa ajili ya adui mwenye upenyaji amejinyima nafasi nyingi kwenye zana zake bila kupata chochote.

Dalili: jana ukinzani ulikuwa 75, leo ni 45, na hujagusa zana yoyote

Katika gemu hiyo hiyo, mchezaji anapomaliza Sura ya 5 hukatwa pointi 30 za ukinzani wote moja kwa moja, na akimaliza Sura ya 10 hukatwa nyingine 30, jumla 60. Hakuna kilichoharibika. Aliyefika mwisho wa Sura ya 5 akiwa na 105 ndani ya mabano hataona mabadiliko yoyote, na aliyekuwa na 75 kamili ataamka na 45. Kwa hiyo ukikaribia mwisho wa sura hizo, usiitupe zana yenye ukinzani kwa sababu tu haiongezi namba ya nje. Hesabu ya kushika ni kwamba, baada ya Sura ya 10, zana na ujuzi wako vinapaswa kufikisha jumla ya 135 ili ubaki na 75.

Dalili: umebadilisha pete, na silaha imezimika

Hapa ziada iliyopotea ni ya sifa za msingi, yaani Strength (nguvu), Dexterity (wepesi) na Intelligence (akili). Kila silaha na kila deraya ina sharti lake la chini, na jumla yako ikishuka chini ya sharti hilo, kifaa hubaki mwilini lakini huacha kufanya kazi. Pete uliyoivua huenda ndiyo iliyokuwa ikibeba Strength iliyokuwa ikiishikilia silaha. Soma sharti la kila kifaa, chukua lililo kubwa kuliko yote, na ulilinganishe na jumla yako baada ya kubadilisha. Kinachovuka sharti hilo hakiendi bure: katika Path of Exile kila Strength 2 huleta uhai 1, na kila Intelligence 2 huleta mana 1, yaani nishati ya kutumia ujuzi, hivyo Strength 40 za ziada ni uhai 20. Ni faida ndogo, lakini ni faida, na pia inakupa nafasi ya kubadilisha pete nyingine siku za mbele bila kuzima silaha tena.

Dalili: unaongeza pointi na hakuna kinachobadilika kabisa

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kikomo kigumu, yaani kile ambacho kikifikiwa, pointi inayofuata haina kazi. Mfano ulio wazi ni sifa ya kulenga shabaha katika World of Warcraft, toleo la Wrath of the Lich King lililotoka mwaka 2008. Mhusika wa ngazi ya 80 anayempiga bosi hukosa asilimia 8 ya mapigo yake maalumu ya silaha, na kila asilimia 1 huhitaji pointi 32.79 za kulenga. Zidisha, utapata 262.3, kwa hiyo pointi 263 zinatosha, na ya 264 haiongezi chochote kwenye mapigo hayo. Mchawi anayetupa uchawi huanza na nafasi ya kukosa ya asilimia 17, na kwake asilimia 1 ni pointi 26.23, kwa hiyo kikomo chake ni 446.

Hata hapo usiharakishe kuondoa ziada. Anayepigana kwa silaha mbili hukosa asilimia 27 ya mapigo yake ya kawaida dhidi ya bosi, ingawa mapigo yake maalumu hukosa asilimia 8 tu. Pointi zake zilizovuka 263 zimekwisha kazi kwa mapigo maalumu, lakini kwa mapigo ya kawaida zinaendelea kufanya kazi mpaka karibu na 886. Swali kwake si kama pointi hizo zina faida, kwa kuwa zinayo. Linalobaki ni kama nafasi ile ile ingeleta faida kubwa zaidi ikijazwa na sifa nyingine, na mara nyingi jibu ni ndiyo.

Sababu ya pili ni ukataji wa desimali, na hii ndiyo inayowachanganya watu makini, kwa sababu hawajafika kwenye kikomo chochote. Final Fantasy XIV huhesabu sifa nyingi kwa hatua: matokeo hukatwa desimali, na pointi zilizo katikati ya hatua moja na nyingine hungoja bila kufanya kazi. Kwa hesabu ambayo wachezaji wenyewe wameichambua, mhusika wa ngazi ya 100 huanza na pigo kali la asilimia 5 akiwa na pointi 420, kisha hupata nyongeza ya asilimia 0.1 kwa takriban kila pointi 13.9. Ukiifanya hesabu hiyo kwa mhusika mwenye pointi 3,000, utaona kwamba yuko kwenye asilimia 23.5, na kwamba kila namba kuanzia 2,992 hadi 3,005 inampa asilimia 23.5 hiyo hiyo. Aliyepandisha kutoka 2,993 hadi 3,004 ameongeza pointi 11 na hajapata kitu. Akiongeza 2 tu zaidi, akafika 3,006, anapata 23.6. Dawa yake ni ya aina mbili: ama ongeza kidogo uvuke hatua, ama rudi nyuma mpaka mwanzo wa hatua uliyopo na upeleke pointi zilizobaki kwenye sifa nyingine iliyokaribia kuvuka. Ukweli ni kwamba faida ya asilimia 0.1 ni ndogo, na mchezaji anayeanza asipoteze usiku wake kwa jambo hilo; lakini anayetaka kujua kwa nini namba yake haisogei, sababu ni hiyo.

Sababu ya tatu ipo katika gemu hiyo hiyo, na hasara yake ni ya fedha za ndani ya mchezo. Kila kifaa kina kiwango cha juu kwa kila sifa ndogo, na ukipachika materia, yaani kito cha kuongeza sifa, inayovuka kiwango hicho, sehemu iliyozidi hupotea kabisa. Kifaa kikiwa kimebakiza nafasi ya pointi 20, nawe ukapachika materia ya 54, umelipia 54 na umepata 20. Kabla ya kuthibitisha, tazama kwenye dirisha la kupachika umbali uliopo kati ya thamani ya sasa na kikomo. Sifa ambazo kifaa hicho tayari kimezijaza ziache, na uchague sifa ambayo bado ina nafasi. Hapa hakuna akiba wala kinga dhidi ya kitu chochote: kilichozidi hakihesabiwi popote.

Dalili: pointi bado zinafanya kazi, lakini kila moja inaleta kidogo kuliko zamani

Tangu toleo la Shadowlands lilipotoka mwaka 2020, World of Warcraft ya sasa hutumia faida inayopungua kwa sifa ndogo za pigo kali, kasi, umahiri na ufanisi wa jumla. Pointi za zana hugeuzwa kuwa asilimia kwa ukamilifu mpaka 30. Zile ambazo zingekutoa 30 hadi 40 hukatwa sehemu ya kumi, za kutoka 40 hadi 50 hukatwa asilimia 20, za kutoka 50 hadi 60 hukatwa 30, na makato huendelea kukua. Mwenye pointi ambazo zingempa asilimia 35 hupata 34.5, na mwenye pointi za asilimia 50 hupata 47.

Tatizo hapa huwa si la kifaa, na mara nyingi hakuna haja ya kubadilisha chochote. Kukatwa sehemu ya kumi kwenye sifa iliyo bora kwa aina ya mhusika wako bado kunaweza kukuachia faida kuliko pointi kamili za sifa dhaifu. Nawasihi wachezaji wasiione 30 kama ukuta wa kutovukwa. Angalia pia kwamba makato haya ni ya pointi zitokazo kwenye zana. Asilimia unayopewa moja kwa moja na kipaji haiingizwi katika hesabu hiyo, kwa hiyo mhusika anaweza kuonyesha 38 kwenye ukurasa wake bila kukatwa hata kidogo. Kabla ya kulalamika, tenganisha asilimia iliyotoka kwenye zana na iliyotoka kwingine. Ukiweka kipanya juu ya sifa yenyewe, utaziona pointi za zana peke yake.

Dalili: ukiwa peke yako kila pointi ina kazi, ukiingia kwenye kikundi nusu yake hupotea

Chanzo ni wenzako, na si kwa ubaya. Katika Guild Wars 2, mhusika wa ngazi ya 80 hupata asilimia 1 ya pigo kali kwa kila pointi 21 za Precision zinazovuka 895, kwa hiyo asilimia 100 hutimia akiwa na 2,995. Mwenzako akikupa baraka ya Fury, ambayo katika mapambano dhidi ya maadui wa mchezo huongeza asilimia 25, unahitaji asilimia 75 tu kutoka kwako mwenyewe, yaani Precision 2,470. Zile 525 zilizobaki hazifanyi kazi muda wote ambao Fury iko juu yako.

Hali ni hiyo hiyo katika Elder Scrolls Online kwa upenyaji. Maadui wa majaribio ya kikundi wana deraya ya 18,200, na huwezi kupenya kisichokuwepo. Kikundi kilichopangwa vizuri hupunguza deraya hiyo kabla hujapiga: kipunguzi cha Major Breach huondoa 5,948, cha Minor Breach 2,974, na uchawi wa silaha uitwao Crusher 2,108, jumla 11,030. Inabaki 7,170 ya kupenya wewe. Mchezaji aliyezoea kucheza peke yake akiwa na upenyaji wa 15,000, akaingia na zana zile zile kwenye kikundi cha namna hiyo, anabeba pointi 7,830 zisizo na deraya ya kupenya.

Ushauri wangu kwa wanaocheza na marafiki kutoka Chake Chake, Wete au Mji Mkongwe ni kukaa pamoja kabla ya kuanza na kuulizana nani analeta nini, kisha kila mmoja akawa na seti mbili: ya safari za peke yake na ya kikundi. Kama vifaa vya seti mbili ni ghali, basi panga kwa ajili ya kikundi ikiwa ndicho unachokifanya zaidi. Na kikundi kikiwa kinabadilika kila usiku, huyu kapotea kwa sababu umeme umekatika kwao, yule bando limemwishia, bakiza kiasi cha ziada kwa makusudi, kwa sababu huwezi kujua kama mwenye Fury atakuwepo mpaka mwisho.

Dalili: mapigo yalikuwa yakifika yote, kisha baada ya kufa mara moja yameanza kukosa

Dalili hii ni ya kikomo kilichofikiwa kwa msaada wa kitu cha muda. Turudi kwenye Wrath of the Lich King: chakula cha samaki kiitwacho Snapper Extreme huongeza pointi 40 za kulenga, na athari ya chakula hupotea mhusika anapokufa. Aliyepanga zana zake kufikia 263 pamoja na chakula, akifufuka bila kula tena, yuko kwenye 223, sawa na asilimia 6.8, na kwa hiyo asilimia 1.2 ya mapigo yake maalumu yatamkosa bosi. Dawa ni kula tena kabla ya kurudi vitani. Hali ya mchawi anayetegemea mwenzake inafanana na hiyo: kipunguzi anachowekewa bosi na mwenzake, kinachompa mchawi asilimia 3 za kulenga, hushusha mahitaji yake kutoka 446 hadi 368, na mwenye kukiweka akifa, mahitaji hurudi pale pale katikati ya pambano. Kwa sababu hiyo, zana zilizopangwa kugusa kikomo kwa pointi moja ni nzuri kwenye karatasi na dhaifu kwenye vita virefu, na mimi naona ni busara kuvuka kidogo.

Dalili: namba hushuka kila unapoingia kwenye pango la ngazi ya chini

Gemu nyingi hukushusha kwa makusudi ili pambano la zamani libaki na maana. Final Fantasy XIV huteremsha sifa za zana zako hadi kikomo cha ngazi ya pango lile, na ziada hurudi ukitoka. Hakuna cha kutengeneza. Epuka tu kupima zana mpya ukiwa ndani ya pango la namna hiyo, kwa sababu vifaa viwili vyenye tofauti kubwa nje vinaweza kuonekana sawa ndani.

Dalili: kasi imeongezeka kwenye ukurasa, lakini mkono hauoni tofauti

Hapa tofautisha hesabu na mtandao. Seva nyingi zinazotumiwa na wachezaji wa kwetu ziko Ulaya. Zile za Ulaya za Final Fantasy XIV, kwa mfano, ziko Ujerumani. Kila amri hutoka kisiwani, ikavuka bahari na kurudi, na muda huo huongezwa juu ya muda wa pigo. Kasi inayokupunguzia sehemu chache za mia za sekunde haiwezi kuhisiwa ikiwa ucheleweshaji wenyewe unapanda na kushuka kwa kiasi kikubwa kuliko hicho. Ukiwa unatumia simu kumgawia intaneti kompyuta, iweke simu mahali penye mnara mzuri, zima masasisho yanayojipakua kwa nyuma, na jaribu tena saa ambayo watu hawajajaa mtandaoni. Kama tofauti itajitokeza, sifa ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Namna ya kupima bila kujidanganya

Dalili zote hizi huthibitishwa kwa kipimo, na kipimo kibaya kina madhara kuliko kutopima. Nenda kwenye sanamu ya mazoezi, vua athari zote za muda, andika namba za ukurasa wa mhusika, kisha badilisha kifaa kimoja tu na kuandika tena. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta nini.

Usihukumu kwa mapigo machache. Mhusika mwenye nafasi ya pigo kali ya asilimia 25, akipiga mara 100, anaweza kwa kawaida kabisa kupata mapigo makali 20 leo na 30 kesho bila kitu chochote kubadilika. Anayepima ongezeko la asilimia 1 kwa mapigo 100 anapima bahati. Kwa tofauti ndogo za namna hiyo, hesabu ya kalamu na karatasi ina uhakika zaidi kuliko sanamu; sanamu itumike kwa maswali makubwa, kama vile kujua ikiwa kikomo kimefikiwa au ikiwa kifaa kimezimika.

Mwisho, tazama tarehe ya mwongozo uliokupa namba zako. Sifa ya kulenga shabaha iliyojadiliwa hapo juu iliondolewa kabisa katika World of Warcraft ya kawaida mwaka 2014, lilipoingia toleo la Warlords of Draenor, na imebaki hai katika seva za matoleo ya zamani tu. Mchezaji anayetafuta 263 katika toleo la sasa hataiona sifa hiyo kwenye ukurasa wake, na yule wa toleo la zamani anayefuata makato ya baada ya 30 anaogopa kitu ambacho seva yake haina.